Kidole Gumba na Siri ya Sauti Laini

Msomaji mpendwa, kama umepata kufika Malaba au Busia, miji miwili ya Kenya inayopakana na Uganda, hapana shaka wazijua kelele zake. Malori yenye shehena kutoka Mombasa husimama kwa mlolongo mrefu yakingoja ukaguzi wa forodha. Wabadilishaji fedha huita wateja; pikipiki hupenya katikati ya watu kama samaki katikati ya majani ya ziwani. Ni vigumu kuamini kwamba mahali penye ghasia namna hii mtu aweza kufikiri habari za sauti laini. Hata hivyo, nyuma ya maduka na maghala ziko nyumba za kupanga, chumba kimeegemea chumba, na katika kimojawapo huenda yumo kijana wa rika lako, amemaliza masomo ya siku, ameshika gitaa. Ataka kuipata sauti ile tulivu, yenye joto, isiyokwaruza sikio, ambayo wapigaji hodari wa jazi huitoa kana kwamba hawajatokwa na jasho.

Anapiga, na sauti inayotoka ni kavu na kali kama bati linalogongwa. Anajaribu tena, na jirani anagonga ukuta. Mwisho anaweka gitaa chini na kusema maneno ambayo vijana wengi wamepata kuyasema: "Gitaa langu ni la bei ndogo. Sauti ile ni ya matajiri."

Insha hii imeandikwa ili kumjibu kijana huyo, na kama wewe ndiye, basi imeandikwa kwa ajili yako. Jibu lake limo katika historia, na sehemu si haba ya historia hiyo imepita hapa hapa magharibi ya Kenya. Tutakapoifuata tutaona jambo moja: kwamba sauti ya gitaa haikuzaliwa dukani. Kila sauti iliyopata sifa ilikuwa ni jibu la mkono wa mtu kwa mahali alipokaa. Mahali palipobadilika, mkono ulibadilika, na sauti ikabadilika pia.

Na tuanze na mpaka wenyewe. Watu wengi hudhani mpaka ni kitu cha kale kama mlima. Sivyo. Kabla ya tarehe 1 Aprili mwaka 1902, nchi yote hii, hata kuendelea mashariki mpaka karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Siku hiyo watawala wa Kiingereza waliihamishia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Mpaka ukasogezwa magharibi, nao leo kwa sehemu hufuata mito, Sio na Malaba. Wateso wakajikuta wako pande zote mbili. Wasamia nao vivyo hivyo. Ndugu akawa raia wa nchi moja na ndugu yake raia wa nchi nyingine, bila hata mmoja wao kuhama nyumba yake.

Lakini mto hauzuii wimbo. Wateso wa upande wa Uganda wana akogo, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba viwili. Wateso wa upande wa Kenya hujulikana kwa adeudeu, kinanda cha nyuzi. Wabukusu wana litungu, na Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huketi chini, akavaa pete nzito ya chuma kidoleni mwa mguu, na kuigonga kwenye ala huku mikono yake ikidonoa nyuzi. Yaangalie mambo hayo kwa makini, msomaji, kwa sababu yatatufaa mbele. Kabla gitaa halijafika, watu wa nchi hii walikwisha kuvizoeza vidole vyao kuzungumza na nyuzi, kidole kimoja kikisema hili na kingine kikijibu lile, na kitu kigumu kikigongwa kushika mwendo. Gitaa lilipokuja halikukuta mikono mijinga. Lilikuta mikono iliyokwisha kusoma.

Gitaa lilifikaje? Njia zake zilikuwa nyingi. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Na njia nyingine, ipitayo Eldoret na kuvuka mpaka Malaba, ilifika Kampala mwaka 1931. Reli hubeba magunia, lakini hubeba na watu, na watu hubeba nyimbo. Vibarua, makarani na wafanyakazi wa reli walikwenda na kurudi, na baadhi yao walirudi na gitaa begani. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, vya mwaka 1939 hadi 1945. Vijana wengi wa magharibi ya Kenya waliandikwa katika jeshi la King's African Rifles, wakapigana Uhabeshi, Bukini na Burma. Katika makambi walisikia muziki wa kila namna, nao waliosalimika walirudi na masikio mapya.

Njia ya tatu ilikuwa santuri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akinasa muziki wa wenyeji, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao leo waitwa Likasi, kijana mmoja akipiga gitaa. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya katika nchi ya Katanga mwaka 1930. Hakuwa na bendi wala mashine ya umeme. Alikuwa na gitaa moja kavu, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene kama mtu anayepanda ngazi na kushuka bila haraka, na kidole cha shahada kikaimba juu yake. Aliyesikia santuri bila kumwona mpigaji aliweza kuapa kuwa wako wapigaji wawili. Santuri hiyo, iliyoitwa "Masanga", ilisafiri kuliko mwenyewe. Baadaye Bosco alifika Nairobi, naye Edouard Masengo, mwenzake kutoka nchi hiyo hiyo ya Katanga, akaja kukaa huko na kurekodi. Wakawa walimu wa watu ambao hawakuwahi kuonana nao.

Hapa pana jambo dogo ambalo msomaji mwenye gitaa la bei ndogo yafaa alikumbuke. Santuri za Bosco zilitolewa kwa jina la Gallotone, na kampuni ile ile ya Gallo ya Johannesburg ilitengeneza na kuuza magitaa ya bei nafuu kwa jina hilo hilo. Jina lilienea hata katika sehemu za Afrika Mashariki gitaa kavu lolote likaitwa galatoni. Gitaa la namna hiyo lilifika hata Uingereza. Mwaka 1957, siku kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon alipokutana kwa mara ya kwanza na Paul McCartney, gitaa alilokuwa akilipiga lilikuwa galatoni. Kwa hiyo yule anayelidharau gitaa lake kwa sababu ya bei, na ajue kwamba anaidharau jamaa kubwa.

Sasa turudi magharibi ya Kenya. Mfano wa Bosco ulipowafikia watu wa huku, hawakuuiga tu kama kasuku. Waliuchanganya na mambo yao. Mmoja wa waliosifiwa sana alikuwa George Mukabi, mtu wa Kisa katika nchi ya Waluyia, aliyefariki mwaka 1963. Namna yake ya kupiga iliitwa omutibo. Gumba lilishika nyuzi nene, kidole cha shahada kikapiga wimbo, na kando yake mwenzake akagonga au kukwaruza chupa tupu ya soda kushika mwendo. Je, waikumbuka pete ile ya mguuni mwa mpiga nyatiti? Katika chupa hii twaisikia kazi ile ile: kitu kigumu kinachogongwa ili miguu ya wachezaji isipotee.

Sikiliza sauti ya gitaa la omutibo, nawe utaona kuwa si laini hata kidogo. Ni sauti angavu, yenye makali, inayoruka. Je, tuseme wazee hao walishindwa kupata sauti laini? La, hasha. Walipiga uani, katika sherehe, watu wakiimba, wakipiga makofi na kukanyaga ardhi, na chupa ikilia kando yao. Sauti laini katika mahali kama hapo ingezama kama jiwe majini. Wao walihitaji sauti ya kupenya, nao waliipata kwa vidole vyao tu. Hilo ndilo jibu la mkono kwa mahali.

Na sasa, msomaji, nakuomba tuvuke bahari kwa muda, twende Marekani, kwani huko ndiko sauti ile anayoitafuta kijana wetu ilikokulia. Hapo kale gitaa lilikuwa mtumwa wa bendi. Tarumbeta na saksafoni zilipolia, gitaa halikusikika. Lilibaki kukwangua mwendo nyuma. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la umeme lililoitwa ES-150. Chini ya nyuzi zake ilitiwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika waya, na amplifaya hukuza umeme huo mpaka ukawa sauti kubwa. Mwaka 1939 kijana aliyelelewa katika mji wa Oklahoma City, jina lake Charlie Christian, aliingia katika bendi ya Benny Goodman na gitaa la namna hiyo. Kwa mara ya kwanza watu wengi walisikia gitaa likisema sentensi ndefu kama saksafoni, kwa sauti nene na ya mviringo. Alifariki mwaka 1942, hajatimiza miaka 26. Lakini mlango alioufungua haukufungwa tena.

Aliyepita katika mlango huo na kutufundisha zaidi ni Wes Montgomery, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1923. Aliposikia santuri za Charlie Christian alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, akaanza kujifunza mwenyewe kwa kusikiliza. Alikuwa na mke na watoto, na kwa muda mrefu alifanya kazi kiwandani mchana na kupiga muziki usiku. Wakati wa kujizoeza ulikuwa ni saa ambazo wengine wamelala. Alipotumia kipigio, sauti ilikuwa kali, na watu wa nyumbani na majirani wakasumbuka. Basi akakiweka kando, akagusa nyuzi kwa nyama ya kidole gumba. Sauti ikashuka, ikawa laini kama kitambaa cha mahameli. Yaliyoanza kwa kuwahurumia waliolala yakawa ndiyo alama yake duniani. Hakurudi tena kwenye kipigio. Alipofariki mwaka 1968, akiwa na miaka 45, hapakuwa na mpiga gitaa wa jazi asiyelijua gumba lake.

Je, wauona mfano? Kijana wa Busia aliyegongewa ukuta na jirani amekaa mahali pale pale alipokaa Wes Montgomery. Ana chumba kidogo, ana usiku, ana watu waliolala. Yale anayoyaona kuwa ni kizuizi ndiyo yaliyoizaa sauti anayoitafuta. Mukabi alipiga kwa watu waliosimama. Montgomery alipiga kwa watu waliolala. Wote wawili walikuwa na gumba. Tofauti ilikuwa mahali.

Kabla hatujaja kwenye matendo, yafaa tueleze neno moja lisije likampoteza msomaji. Katika nchi zetu neno jazi halikuwa na maana ile ile ya Marekani. Morogoro Jazz Band ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1944. African Jazz ya Kongo mwaka 1953. OK Jazz, aliyokuwamo Franco, mwaka 1956. Na huko kwa Wajaluo palikuwa na Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani. Nyingi ya bendi hizo zilipiga rumba, au benga, au dansi ya kwao. Jazi maana yake ilikuwa bendi ya kisasa yenye magitaa. Hata hivyo, sauti laini ya gitaa la umeme haikutupita. Nicolas Kasanda, aliyejulikana kwa jina la Docteur Nico, alipiga katika African Jazz na baadaye katika African Fiesta, na gitaa lake lilitiririka kama maji ya kisima. Nyimbo za Kongo zilienea Afrika Mashariki kwa redio na kwa santuri, na watu wengi wa pande hizi walijifunza kutokana nazo jinsi umeme uwezavyo kulia kwa upole.

Wanamuziki wenyewe nao walivuka. Daudi Kabaka, mwimbaji mashuhuri wa Kenya, alizaliwa Uganda mwaka 1939 na wazazi Waluyia; wimbo wake "Helule Helule" uliimbwa tena Uingereza na bendi ya The Tremeloes mwaka 1968. Samba Mapangala na wenzake wa bendi ya Les Kinois walitoka Kongo wakakaa Kampala, kisha wakahamia Nairobi mwaka 1977. Na njia za barabara ziendazo Nairobi kutoka Kampala, kama ujuavyo, mlango wake ni Malaba au Busia. Hata neno boda boda, ambalo sasa latumika Afrika Mashariki nzima, husemwa kuwa lilizaliwa Busia, katika baiskeli zilizobeba watu kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda. Mahali pa kuvuka si mahali pa kupita tu. Ni mahali pa kuokota na kuongeza.

Basi sasa na tuje nyumbani, chumbani mwa kijana wetu, tuone mafunzo ya historia hii yatamfaaje.

Jambo la kwanza ni kuujua uzi. Uzi ukidonolewa hautoi sauti moja. Hutoa sauti mama, na juu yake sauti nyingi ndogo zipandazo, ambazo sikio halizitengi lakini huzihisi. Sauti hizo ndogo zikiwa nyingi, twasema gitaa ni kali. Zikiwa chache, twasema ni laini. Kazi yote ya kupata sauti yenye joto ni kazi ya kuzipunguza hizo ndogo bila kuiua ile kubwa. Ukilishika hilo umeshika ufunguo.

Jaribu sasa hivi. Donoa uzi karibu na daraja, yaani pale chini nyuzi zinapofungwa. Sauti yatoka nyembamba kama ya nzi. Sogeza mkono, donoa juu ya tundu. Sogeza tena, donoa pale shingo inapokutana na tumbo la gitaa. Uzi ni ule ule, gitaa ni lile lile, nawe hukutumia hata senti moja. Lakini sauti imenenepa. Sababu ni kwamba uzi unaosukumwa karibu na mwisho wake hujikunja kwa pembe kali na kuzaa sauti ndogo nyingi, lakini unaosukumwa kuelekea katikati hujikunja kwa upana na kuzaa chache.

Jambo la pili ni kile kinachougusa uzi. Kucha ni ngumu na ncha yake ni nyembamba, kwa hiyo sauti yake ni kali. Nyama ya gumba ni pana na laini, huuachia uzi polepole. Weka gumba lako likilala juu ya uzi, usilichomoe kwa pupa. Lisukume chini mpaka litue juu ya uzi unaofuata, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Siku za kwanza sauti itakuwa dhaifu na mwendo utakuwa mzito. Usivunjike moyo. Haba na haba hujaza kibaba. Ukipiga nusu saa kila jioni, utaona baada ya miezi michache kwamba gumba limepata akili yake.

Jambo la tatu ni mkono wa kushoto, ambao wengi huusahau. Mtu akikandamiza uzi mbali na kijiti cha chuma, uzi huvuma na kukwaruza. Akikandamiza karibu nyuma yake, sauti hutoka safi. Tena asiuinue mkono kabla ya wakati. Ulaini mwingi watu wanaousifu si kitu kingine ila ni sauti moja kuingia katika nyingine bila pengo. Mwenda pole hajikwai, na mkono mpole haukatizi wimbo.

Jambo la nne ni nyuzi. Nyuzi mpya za chuma hulia kwa makali. Zikizeeka kidogo hupoa. Uzi mnene huwa na sauti iliyotulia kuliko uzi mwembamba. Wapigaji wa jazi hupenda nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa badala ya waya wa mviringo, kwa sababu vidole haviwi na mahali pa kukwaruza. Kama gitaa lako limetengenezwa kwa nyuzi za nailoni, sauti yake ni ya upole kwa asili; lakini nakuonya, usilitie nyuzi za chuma, kwa maana mvuto wake ni mkubwa nao waweza kung'oa daraja au kupinda shingo.

Jambo la tano ni chumba. Kuta tupu, sakafu ya saruji na paa la bati hurudisha sauti kali kama kioo kinavyorudisha jua. Godoro, blanketi, pazia na nguo zilizotundikwa huzimeza. Basi keti ukielekea kitanda, wala usielekee ukuta mtupu. Ukitaka kusikia sauti nene zaidi, egemeza ubavu wa gitaa juu ya meza ya mbao. Mbao ya meza itatikisika pamoja na mbao ya gitaa.

Na kama una gitaa la umeme, fuata njia ya wale waliotangulia. Tumia kinasa cha sumaku kilicho karibu na shingo, si kile cha karibu na daraja. Punguza kwa kifundo cha kuzungusha makali ya gitaa, si yote, bali mpaka pale sauti inapoacha kuchoma sikio. Katika amplifaya punguza sauti nyembamba, acha zile nene ziwe za kadiri zisije zikanguruma, na usitie mkwaruzo wowote. Kisha piga kwa sauti ndogo. Wengi hudhani sauti tamu ni sauti kubwa. Wes Montgomery aliipata yake kwa kukwepa kuamsha watu.

Huenda ukaniuliza: Je, chombo hakina maana kabisa? Haingekuwa haki kusema hivyo. Gitaa lililopinda shingo halikai katika sauti, na mbao nzuri hulia vizuri kuliko mbao mbovu. Charlie Christian asingesikika katika bendi ya Goodman bila sumaku ile ya mwaka 1936. Mwenye uwezo wa kununua chombo kizuri na anunue. Lakini chombo hufuata mkono kama kivuli kifuatavyo mtu. Mpe hodari galatoni, naye atalifanya liseme. Mpe mvivu gitaa la thamani, nalo litalia vile vile kama bati.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Ya Bosco twayajua kwa sababu mtu alifika na chombo cha kunasa. Ya Mukabi twayajua kwa sababu santuri zake zilisalimika. Lakini wapigaji waliokuwa uani mwa nyumba za Busia, Malaba, Amagoro, Nambale na Funyula, ambao hakuna aliyewanasa, walikwenda na sauti zao kaburini. Na wako wazee ambao bado wapo: ambao gumba lao lakumbuka mwendo wa omutibo, au waujuao wimbo wa adeudeu ambao hakuna mwingine aujuaye. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Tusingoje kila kitu kiandikwe katika orodha hiyo ndipo tuamke.

Wewe, msomaji, una bahati ambayo Hugh Tracey hakuwa nayo. Yeye alibeba mashine nzito katika gari. Leo simu iliyo mfukoni mwa mtu yaweza kunasa wimbo mzima. Nenda kwa babu mwenye gitaa lililotundikwa ukutani. Msalimu kwa heshima, umwombe akupigie, nawe uangalie gumba lake kuliko uso wake. Uliza alijifunza kwa nani, na huyo naye kwa nani. Nasa, uandike tarehe, jina na mahali. Kisha urudi chumbani mwako, uketi ukielekea kitanda, uweke gumba juu ya uzi wa nne, karibu na shingo, uliachie polepole.

Sauti itakayotoka haitakuwa ya Montgomery, wala ya Bosco, wala ya Mukabi. Itakuwa ya mtu wa Busia anayepiga usiku bila kumwamsha jirani. Na siku moja jirani hatagonga ukuta tena. Ataufungua mlango wake kidogo, apate kusikia.